Mnara wa Miungu kwenye Wind Waker: nilikwama siku tatu, mjomba akanitoa kwa neno moja

Naanza na aibu yangu ili tuelewane mapema. Mi nimezaliwa Mikindani, nimekulia Mikindani, ukitoka mlango wa uani kwetu hatua chache tu ushakanyaga tope la ghuba, na bado nilikaa siku tatu nzima ghorofa ya chini ya mnara wa kwenye gemu nikiwa sijui nishike wapi, wakati jibu lilikuwa kitu ambacho nakiona kila siku tangu natambaa. Maji kupwa. Basi.

Gemu lenyewe ni The Legend of Zelda: The Wind Waker la Nintendo, lilitengenezwa kwa mashine yao ya gemu ya zamani inayoitwa GameCube, lilitoka Japani Desemba 2002, nchi nyingine likafika 2003, kwa hiyo ni la kitambo, na najua kuna wasomaji hapa walikuwa hawajazaliwa. Lipo toleo lililong'arishwa picha la mashine ya Wii U la mwaka 2013, na toka Juni 2025 wenye mashine ya Switch 2 wanalipata kwa kulipia usajili. Mi sina vyote hivo. Mi nina Wii, mashine iliyokuja baada ya GameCube, nyeupe ya mtumba ambayo dada aliniletea kutoka Dar, ile ya mwanzomwanzo, ukifunua vifuniko vyake unakuta matundu manne ya pedi za GameCube, zile za kushika mkononi kuchezea, na sehemu ya kuchomeka memori kadi, kadi ya kuhifadhia ulipofikia. Angalieni sana hapo kama mnataka kununua, maana Wii za baadae walizitoa hizo sehemu na hizo sidi za GameCube hazisomi kabisa hata ufanyeje. Sidi zenyewe vidogo kama kisahani cha kikombe cha kahawa. Ya kwanza niliuziwa na jamaa mmoja mtandaoni, kumbe ya Marekani na mashine yangu ya Ulaya, haikukubali, hela ikaenda na maji, tuyaache.

Alafu nikaanza kucheza bila memori kadi, ujinga mwingine huo. Umeme ukikatika tu unarudi mwanzo kabisa, kijana unayemchezesha kaamka kisiwani kwao siku yake ya kuzaliwa na bibi yake anamvalisha zile nguo za kijani. Nimevalishwa nguo za kijani mara nne. Ya tano nikaenda Mtwara mjini kutafuta kadi, nikazunguka kwa mafundi simu mpaka nikampata mmoja anayo kwenye boksi la takataka zake, akanipa kwa hela ya soda.

Sasa kwa ambao hawalijui, dunia ya hili gemu yote ni bahari. Visiwa vimetawanyika huku na huku, na kijana wako anasafiri na kijimashua chekundu chenye kichwa cha mnyama mbele, kinaongea, kina maneno mengi kama nahodha mstaafu. Tanga unanunua mwenyewe, rupia zao 80. Na upepo unauamrisha kwa kijiti, ukishajua wimbo wake unachagua uvume upande gani kati ya pande nane, unapandisha tanga unaenda.

Hapo ndo mjomba akaingia kwenye hii stori. Mjomba ni mvuvi, kaanza kabla mi sijazaliwa, gemu kwake ni mambo ya watoto walioshindwa kazi. Alikuja nyumbani kumfuata mama kwa maneno ya shamba la korosho, akapita sebuleni, akaona tanga. Akasimama. Akaniuliza huyo anakwenda na upepo gani, nikamwambia anaubadilisha mwenyewe mjomba, akitaka kusi anaita kusi, akitaka kaskazi anaita kaskazi. Alicheka mpaka akakaa chini, na akishakaa hanyanyuki huyo mpaka chai ije. Akasema angekuwa na kijiti hicho asingekaa miezi kusi ikivuma anashona nyavu tu. Nikamweleza na lile tanga la toleo la Wii U ambalo upepo unakuwa nyuma yako muda wote na chombo kinakwenda mbio mara mbili, akasema hilo ni tanga la wavivu. Mi nalitamani kwa kweli, safari kwenye hili gemu ni ndefu, kuna muda unashikilia pedi unaangalia maji tu mpaka usingizi unakuja.

Haya, mnara. Jina lake ni Mnara wa Miungu, na nyumbani sikuutaja hivo hata siku moja, bibi alipouliza ni mnara wa nini nikamwambia wa baharini bibi, akasema kama wa msikiti? Nikasema unaelekea huko huko. Kwanza elewa kwamba mnara haupo. Ukipita pale ni maji matupu. Inabidi ukusanye lulu tatu, moja anakupa mwana wa mfalme wa kisiwa cha watu ndege, moja unapewa na mti mkubwa wa kale, ya tatu kwa samaki mkubwa aliyejificha pangoni nyuma ya kile kile kisiwa ulichozaliwa. Kisha unazipeleka kwenye visiwa vitatu vidogo vya pembetatu, kila kimoja kina sanamu, unaweka lulu yake. Ukimaliza ya tatu, bahari ya katikati inachemka na mnara unapanda kutoka chini, mweupe mweupe hivi, maji yanamwagika pembeni, unaendelea kupanda tu unajiona mdogo. Nimecheza magemu yenye picha kali kuliko hili mara mia ila hicho kipande kilinisimamisha nywele. Labda kwa sababu mi nimezoea vitu kuzama. Kuibuka ndo sijazoea.

Na hauingii kwa miguu. Unaingia na chombo, mlango upo usawa wa maji, unapita na mashua yako mpaka ndani kama unaingia bandarini. Humo ndani maji yanajaa na kupwa. Sio kwa kubonyeza kitu, sio kwa kuzungusha mtambo, yanajaa na kupwa yenyewe, wewe upo au haupo, kama huku kwetu tu ila yana haraka, unakaa kidogo tu yameshageuka. Na mi mtoto wa pwani nikaona yanapanda yanashuka nikachukulia ni mapambo! Nikawa nafanya kila kitu mbio, maji yakipanda naogelea kurudi chomboni, na huyu kijana ana kipimo cha kuogelea, kikiisha anazama, mjomba alisema mtoto wa kisiwani gani huyo asiyeweza kuogelea hata kufika jahazi la jirani. Nikalipua mabomu yote kwenye kuta ambazo hazina shida yoyote. Nikaruka nisifike. Siku tatu hizo. Mdogo wangu anayesoma Dodoma alikuwa likizo, akashika pedi robo saa akasema gemu bovu akarudi kwenye simu yake.

Jioni ya siku ya tatu mjomba kaja tena, safari hii shamba la korosho hakulitaja hata, kakaa moja kwa moja. Kaniangalia nahangaika na masanduku yaliyomo humo mnarani. Akasema, "Subiri."

Nikamwambia mjomba nasubiri nini. Akaninyooshea kidole kwenye ukuta, kuna alama ya unyevu pale maji yanapofikia yakijaa, kweli ipo, walichora, siku tatu sijaiona. Akasema maji yakipwa weka sanduku lako hapo chini, alafu panda juu ukae, yakijaa yatakunyanyua yenyewe, kwani ngalawa iliyokwama kwenye mchanga unaisukuma ya nini na bamvua inakuja? Nikaweka. Nikapanda. Tukakaa kimya wote wawili tunaangalia maji ya kwenye tivii yanajaa. Sanduku likaelea, nikanyanyuka nalo taratibu, nikakanyaga ukingo wa juu nikapita.

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Akaniuliza leo mwezi wangapi humo, nikamwambia mwezi kweli upo kwenye hili gemu na unabadilika, kuna hadi meli ya mizimu ambayo mahali pa kuipata panategemea mwezi umefikia wapi, ila maji ya mnara hayafuati mwezi. Akasikitika. Akasema basi aliyetengeneza alifika pwani ila hakulala. Nimeshindwa kupata maneno mazuri zaidi ya kuuelezea huu mnara.

Na ndo tatizo langu kubwa na huu mnara, kwamba ukitoka ghorofa ya chini maji yanaisha. Juu unakuta mambo ya sanamu. Zipo tatu, watumishi wa mnara, kila moja iko chumba chake na inabidi uirudishe mahali pake katikati. Unaiita inakufuata, inatembea kama mzee anayetoka kupokea pensheni, ikikutana na shimo inakwama, unarudi kuifuata, na ukishapata ule wimbo wa kuamrisha unaingia ndani yake unaitembeza mwenyewe, mara wewe, mara sanamu, mara wewe. Ya kwanza nilifurahia. Ya pili nikavumilia. Ya tatu nilimuita bibi anishikie pedi nikanywe maji, nusu utani nusu kweli. Kuna daraja la mwanga linalotokea ukiweka kisanamu kidogo mahali pake, hilo zuri sana, ila limezungukwa na kubeba mizigo. Mtu wa memori kadi na umeme wa kubahatisha ajue pia kwamba ukihifadhi ndani ya mnara, ukiwasha tena unaanzia mlangoni, sio pale ulipoishia, kwa hiyo usikae na sanamu yako katikati ya ukumbi ukasema nitamalizia kesho.

Humo humo unapambana na askari mwenye deraya nzito, mgumu huyo, ukimshinda unapata upinde. Upinde ndo unaotakiwa kwa bwana mkubwa wa juu, anaitwa Gohdan, ni kichwa kikubwa cha mawe na viganja viwili vinaelea hewani, macho yapo kwenye viganja. Unapiga mishale macho ya viganja, kisha macho ya uso, akilegea mdomo unafunguka unamtupia bomu. Sasa mi niliingia na mishale michache na nikaimaliza yote kwa kukosea, nikajua imekula kwangu, kumbe jamaa anapiga chafya mishale inamtoka puani! Nyumba nzima ilicheka. Na inaingia akilini ukifikiria, maana huyu sio adui, kawekwa pale akupime, na mpimaji mwenye haki hakufelishi kwa kukosa kalamu. Ukimshinda anakupongeza na kukufungulia njia.

Wasiotaka kuharibiwa utamu wakimbie hapa, rukeni aya inayofuata.

Juu kabisa kuna kengele. Unaipiga kwa kuirushia kamba yenye ndoano na kuning'inia nayo, ikilia, chini kwenye maji linatokea duara la mwanga, chombo chako kinaingia hapo na kinashuka, kinashuka, mpaka unakuta ufalme mzima upo chini ya bahari, ngome, daraja, kila kitu kimeganda bila rangi. Mnara kumbe haukuwa wa kwenda juu, ulikuwa mlango wa kwenda chini. Pale nilikumbuka safari ya shule tuliyopelekwa Kilwa, tukavuka na boti mpaka Songo Mnara, kuta za matumbawe za karne ya 14 na 15 zimesimama katikati ya mikoko, na yule mzee aliyetutembeza alituonyesha jinsi bahari inavyokula ufukwe kuja kwenye magofu. Unesco waliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani, na kuanzia 2004 mpaka 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na maji yakiwa mojawapo ya sababu. Nilikuwa darasa la sita, niliwaza biskuti tu. Juzi na pedi mkononi ndo nikaelewa yule mzee alikuwa anaongea nini.

Maksi zangu basi. Ghorofa ya chini 10 kwa 10 na ningeongeza kama ingeruhusiwa. Ghorofa za sanamu 5, na nimewaonea huruma. Gohdan 8 kwa sababu ya chafya. Kengele na kushuka, 10. Muziki siwezi kupima, spika ya tivii yetu imepasuka upande mmoja. Picha za katuni zile wengine wanazibeza, mi naona ndo zimeliokoa, gemu la 2002 lenye picha za kufanana na watu halisi saivi lingekuwa linatisha, hili bado linaangalika.

Mjomba ameshauliza mara mbili kama kuna sehemu kwenye hilo gemu unaweza kuvua. Nimemwambia kuna wakati unazamisha ndoano na kuibua masanduku ya hazina, kafikiri, akasema naye anataka kushika usukani. Kwa hiyo natafuta pedi ya pili ya GameCube, hii yangu siiachii mtu, mwenye nayo Mtwara mjini au hata Lindi aniambie bei, iwe orijino, waya usiwe umetafunwa na panya.