Kitabu cha tiba cha mkono kutoka Yemen: nyota tatu na nusu

Kitabu chenyewe ningekipa tano. Nyota moja na nusu nimemkata muuzaji, na sababu zake nitazieleza.

Marehemu babu yangu, pale Malindi, Unguja, alikuwa na kitabu cha namna hii. Mtu akija na homa isiyosikia dawa, babu alikifunua, akasoma kimya kimya, kisha akaandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Alipofariki kitabu kikapotea, kila mmoja akidhani kiko kwa mwenziwe. Kwa hiyo nilipoona kwenye mtandao duka moja la vitabu vya kale la Uingereza likitangaza "kitabu cha tiba, Kiarabu, hati ya mkono, Yemen, karne ya 18, cha as-Suyuti, kamili," roho ilinidunda. Pauni 420. Picha zilikuwa sita, na tatu kati ya hizo zilikuwa za jalada. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nikalipa.

Kilifika kwangu Maskati kwa siku tisa, kimefungwa vizuri mno: karatasi laini, ubao mgumu pande mbili, mfuko wa kuzuia maji. Kwa hilo sina lawama.

Ukubwa wake ni kama kiganja kilichokunjuliwa. Ngozi ya jalada ilikuwa nyekundu, sasa imekuwa rangi ya tende, na ulimi wake bado upo, ule unaotoka jalada la nyuma ukajifunika hadi chini ya jalada la mbele. Maandishi ni meusi, ila majina ya milango, yaani sura za kitabu, na ya maradhi yamepigwa wino mwekundu. Nikainyanyua karatasi moja dirishani, nikaziona hilali tatu, alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, zimejipanga kutoka kubwa hadi ndogo. Ni karatasi ya Kitaliano, ile iliyotengenezwa Venice na sehemu za jirani kwa ajili ya soko la Waislamu. Karatasi za Italia ndizo walizoandikia hata misahafu ya Siyu, kule kisiwani Pate.

Juu ya ukurasa wa kwanza mtu ameandika "Ya Kabikaj". Wanakili wa zamani waliamini Kabikaj ni mfalme wa wadudu, na ukilitaja jina lake basi raia zake hawatakigusa kitabu. Kidudu kimetoboa tundu pale pale penye jina.

Nilimpelekea ami yangu picha kwa simu. Yeye yuko Unguja, na amesoma kuliko sisi sote. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, hayo mapambo niache nayo. Nipigie picha ya khatima." Khatima ni yale maneno ya mwisho ambapo mwandishi husema amemaliza lini, na mara nyingi mistari yake hupungua upana mpaka ikawa kama pembetatu iliyosimama kichwa chini. Nikapiga. Dakika kumi hazikupita.

"Nani kakwambia karne ya 18?"

Muuzaji alisoma tarakimu 1191 za Hijria, yaani mwaka 1777 wa Miladi. Tarakimu ya pili imefifia kichwani, kwa hiyo mbili imeonekana moja. Lakini mwandishi hakuishia kwenye tarakimu. Mwaka ameuandika pia kwa maneno, na maneno yanasema wazi elfu moja na mia mbili. Ni 1291, sawa na 1874. Zile hilali tatu zisingeweza kumaliza ubishi peke yake, maana karatasi hiyo ilitengenezwa kwa miaka mingi. Maneno mawili ya Kiarabu yamekipunguzia kitabu karibu miaka mia.

La mwandishi nalo vivyo hivyo. Hiki ni Kitab ar-Rahma fi 't-tibb wal-hikma, na kimegawika milango mitano: maumbile, vyakula na dawa, kulinda afya, maradhi ya kila kiungo, kisha maradhi ya mwili mzima. Mgawanyo huo ni wa as-Sanawbari, mtu wa Yemen aliyefariki 1412. Wengi humpachika as-Suyuti, yule mwanachuoni mashuhuri wa Misri, kwa sababu jina lake linauza, kwa hiyo kosa hilo ninalisamehe nusu.

Nisilolisamehe ni neno "kamili". Vitabu hivi mara nyingi havikuandikwa namba za kurasa. Mwandishi aliweka chini kabisa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mshonaji asikosee mpangilio. Jioni moja nilikaa nikayafuata maneno hayo karatasi kwa karatasi. Kwenye mlango wa nne nikakuta neno la chini ni "al-kabid", ini. Nikafunua. Ukurasa unaofuata unazungumzia wengu. Karatasi ya ini haipo, na kwenye mshono kimebaki kipande chembamba kama ukucha. Hiyo ilichanwa. Kazi iliyonichukua saa moja muuzaji angeweza kuifanya kabla ya kuandika "kamili".

Niliwaandikia kwa adabu, na picha nikazitia. Wiki mbili kimya, kisha wakajibu kwamba bidhaa za kale huuzwa "kama zilivyo". Nikawakumbusha kwamba wao ndio waliosema ilivyo. Mwishowe walirudisha pauni 90. Kukirudisha kitabu chenyewe sikutaka.

Na sikutaka kwa sababu ya pambizo. Picha zao zote sita zilikwepa pambizo, labda waliona ni uchafu. Watu watatu, kwa mikono mitatu tofauti, wamekitumia kitabu hiki kazini. Kuna alama za vidole vyenye mafuta penye dawa za kifua. Pembeni ya habasoda kwa asali mmoja ameandika "mujarrab", imejaribiwa. Penye sanamaki mwingine ameongeza kipimo chake kwa dirhamu, uzito wa zamani. Na pembeni ya dawa ya jino kuna mkono wa tatu, wino wa kahawia, umeandika kwa ufupi: nimeijaribu, haikufaa.

Duka hilo hilo baadaye lilinitumia ofa ya karatasi moja yenye picha ya tabibu akimng'oa mgonjwa jino, rangi za dhahabu na buluu, pauni 250. Nilipoikuza picha niliona herufi zikichungulia chini ya kilemba cha tabibu. Kilichoandikwa pale ni mlango wa mirathi. Yaani karatasi ya zamani ya fiqhi, sheria ya Kiislamu, imechanwa kitabuni na kupakwa mchoro wa juzi. Ukiletewa kitu kama hicho, kwanza tazama kama rangi imekaa juu ya maandishi.

Kwa anayetaka kununua: omba picha ya khatima, ya pambizo, na ya kurasa mbili zinazotazamana katikati ya kitabu. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imeweka mtandaoni, bure, maelezo ya hati zake za tiba za Kiarabu. Linganisha kabla ya kulipa, mimi nililinganisha baadaye.

Sasa kimo ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha. Ami anataka nimpigie tena picha ya ile dawa ya jino, iliyo wazi zaidi. Anasema lake linamuuma, na yule wa wino wa kahawia huenda alikosea vipimo.