Utando wa Mwani na Boksi la Uyoga: Kipi Kiguse Chakula?

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nina vitu viwili. Kushoto kwangu ni utando wa mwani, kulia ni boksi la kinga lililooteshwa kwa nyuzi za uyoga. Wauzaji wengi huvitia vyote kapu moja na kuviita vifungashio vinavyolika, na mimi sikubaliani nao. Cha mwani kinalika. Cha uyoga hakiliki: ndani yake mna vumbi la mbao au mabua, na uyoga unaopendwa kwa kazi hii ni Ganoderma, ambao ni mgumu, hautafuniki. Huo kazi yake ni kupokea pigo.

Tuanze na mwani, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Aljineti, yaani unga unaotengeneza utando huu, hutolewa kwenye mwani wa kahawia. Chukua nusu lita ya maji, gramu 10 za aljineti ya sodiamu na gramu 4 za gliserini, zote za daraja la chakula. Maji yawe yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa upya, au maji laini. Maji yenye chumvi nyingi ya kalsiamu yataigandisha aljineti kabla haijayeyuka, ubaki na mabonge. Changanya unga na gliserini kwanza, kisha mimina maji huku blenda ya mkono ikizunguka. Uji huu utajaa viputo. Uache kwenye friji usiku kucha vitoke vyenyewe, kwa sababu kila kiputo kikikauka ndani ya utando huacha tundu.

Mimina unene wa milimita 2. Trei ya sentimita 30 kwa 40 inameza mililita 240 hivi. Trei iwe imekaa sawa kabisa, pima kwa pima maji, la sivyo upande mmoja utapasuka na mwingine utabaki unanata. Kausha kwa nyuzi joto 40 huku feni ikipuliza. Ule unene wa milimita 2 utashuka hadi karibu sehemu ya 20 ya milimita, basi usishangae. Ukiukunja ukavunjika, gliserini ni chache. Ukinata vidoleni, imezidi.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Utando huu bado unayeyuka kwenye maji. Ili usiyeyuke, unauzamisha dakika 3 kwenye maji yenye asilimia 3 ya lakteti ya kalsiamu. Kloridi ya kalsiamu inafanya kazi hiyohiyo, lakini huacha uchungu mdomoni, kwa hiyo kwa kitu cha kuliwa mimi nachagua lakteti. Mtego uko kwenye gliserini: inatoroka ikiwa ndani ya bafu hilo, na utando ukikauka mara ya pili unakuwa mkavu, unajikunja pembe. Weka gliserini kidogo kwenye bafu lenyewe, na ubane utando kwenye fremu wakati wa kukauka.

Kuna jambo jingine. Aljineti haiyeyuki kwa joto, kwa hiyo mashine ya kuziba mifuko ya plastiki haikusaidii. Kingo zinazibwa kwa kuzilowanisha kidogo na kuzibana, na hilo linawezekana kabla ya kalsiamu tu. Kwa kifuko cha viungo au kahawa ya unga, usitie kalsiamu kabisa. Ziba kwa maji, kitumbukizwe kizima kwenye maji ya moto, kiishie humo. Kwa mafuta na vitu vikavu, huu utando naupa alama za juu. Mafuta hayapiti, na ukiwa mkavu hewa ya oksijeni inapita kwa shida. Mvuke wa maji ndio adui: unapita karibu bila kizuizi.

Ndiyo maana Ooho, vifuko vya kinywaji vya mwani vya kampuni ya Notpla, vilivyogawiwa kwa wakimbiaji kwenye London Marathon mwaka 2019, viliundwa kunywewa papo hapo. Kukaa rafuni miezi si kazi yake.

Tahadhari moja kwa wanaosaga mwani mzima badala ya kununua aljineti iliyosafishwa: mwani wa kahawia unaweza kuwa na iodini nyingi mno, hata aseniki. Bila kipimo cha maabara, usimlishe mtu.

Tugeukie uyoga. Kampuni ya Ecovative ya Marekani imekuwa kwenye kazi hii tangu mwaka 2007. Mabua makavu kilo 1, yaliyokatwa vipande vya sentimita moja, yapewe maji lita moja na nusu. Yatokose kwa nyuzi 75 saa mbili, yapoe hadi chini ya 30, kisha changanya gramu 250 za mbegu za uyoga. Ukiongeza pumba, kutokosa hakutoshi. Inabidi usafishe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, la sivyo ukungu wa kijani utauwahi uyoga. Jaza kalibu, acha siku 5 hadi 7 kwenye nyuzi 25, gizani. Kuta zisipungue milimita 20, zitavunjika. Zikiwa nene mno, katikati hapapati hewa na hapashikani. Toa kwenye kalibu, acha siku moja lipate ngozi nyeupe, halafu kausha kwa nyuzi 80 hadi mzani usishuke tena. Ukikatiza hapo, uyoga unabaki hai na utachipua ndani ya mzigo.

Mpangilio ninaoupendekeza: mwani uguse chakula, karatasi safi ifunike mwani, uyoga uwe nje. Hiyo karatasi usiiruke, maana hakuna anayetaka kula kilichoshikwa na mikono ya njiani. Na boksi hili ni zito kuliko povu la plastiki, kwa hiyo hesabu usafirishaji mapema.

Kabla ya kuagiza kwa wingi, weka kipande cha utando kwenye chombo kilichofungwa pamoja na kikombe cha chumvi ya mezani iliyolowa maji, bado ikiwa na punje. Unyevu humo ndani utatulia kwenye asilimia 75 hivi. Baada ya siku tatu ubane na kipande kingine kwa kidole. Vikigandana, punguza gliserini hadi gramu 3 urudie.