Shilingi 7,500, kocha wa Alabama na mandazi ya jana

Nilipoliona tangazo la mafunzo ya uongozi kwa wenye biashara ndogo, na juu yake picha ya kijana wa helmeti amekumbatia mpira wenye umbo la yai, nilidhani halinihusu. Nina kiwanda kidogo cha mikate mtaa wa Umoja, Nairobi, watu 14 na oveni mbili. Futiboli ya Kimarekani naijua kwa kuiona ikipita mume wangu akibadilisha chaneli kuitafuta Arsenal. Ila tangazo liliuliza: mfanyakazi wako bora akiondoka kesho, utafanyaje? Na wangu alikuwa ameshaondoka.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Mwokaji wangu mkuu alipata kazi Qatar, akaniaga kwa simu akiwa tayari uwanja wa ndege. Vipimo vyote vya hamira, chumvi na maji aliondoka navyo kichwani. Siku nne mikate ilitoka kama matofali, na wenye maduka wa huku hawana subira, wakahamia kwa jirani. Kwa hiyo nikatuma ada ya mafunzo, 7,500, kwa M-Pesa.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja Westlands. Jina la hoteli na la wenye mafunzo naliacha. Walisema saa mbili, tukaanza saa tatu na nusu kwa sababu projekta iligoma. Mtu anayeamka saa nane usiku kuwasha oveni hapendi kusubirishwa, na hapo nilishawakata alama.

Mkufunzi alijenga siku nzima juu ya mtu mmoja: Nick Saban, kocha wa futiboli hiyo katika Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, kuanzia 2007 hadi alipostaafu Januari 2024. Ubingwa wa taifa mara 6 akiwa hapo, mbali na ule alioutwaa na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, msimu wa 2003. Watu wakapiga makofi. Mimi nilingoja, maana hata kwetu kuna makocha wa makombe mengi. Kilichonifanya nikae wima ni jambo alilolitaja kwa kupita tu: mchezaji wa chuo kwa kawaida hucheza misimu minne. Akiiva anaondoka, ama kahitimu ama kaingia NFL, ligi ya wanaolipwa. Kila mwaka kocha anaanza na watoto wa miaka 18 waliotoka sekondari juzi. Timu ya ubingwa wa 2009 na ile ya 2020 hazikuwa na mchezaji hata mmoja wa pamoja. Hata wasaidizi huondoka. Kirby Smart, aliyekuwa kocha wa safu ya ulinzi chini yake, alikwenda kukinoa Chuo Kikuu cha Georgia, na Januari 2022 akamfunga mwalimu wake kwenye fainali, 33 kwa 18.

Mimi nina mafundi wawili walioniacha wakafungua tanuri zao hatua mia mbili kutoka langoni kwangu. Nilikuwa nawaita wasaliti. Sasa nikaona kuna mwenzangu aliyeishi na msiba huohuo miaka 17 na bado akashinda.

Alifanyaje? Hapa mkufunzi alikuwa mzuri kweli, na nusu ya pesa yangu ilirudi. Mwaka 1998, Saban akiwa kocha wa chuo kingine, Michigan State, daktari wa akili aitwaye Lionel Rosen alimshauri hivi: katika futiboli mpira huchezwa kwa vipande vifupi, na kipande kimoja hudumu kama sekunde saba, basi waambie vijana wasitazame ubao wa matokeo, wamalize hiki, kisha kile kinachofuata. Walikuwa wanakwenda kwa Ohio State, timu iliyoongoza orodha ya nchi nzima. Wakashinda 28 kwa 24. Kuanzia hapo akaufanya ndio utaratibu wake: kila kazi ina namna yake, kila mtu anajua sehemu yake, na anayekuja kesho anaikuta kazi imesimama.

Kwangu sekunde saba ni trei moja. Niliporudi nilitafuta kadibodi nikaandika: unga kilo 10, hamira gramu 100, chumvi gramu 180, maji lita 6, kanda dakika 12. Nikaitundika juu ya meza ya kukandia. Wazee wa kazi walicheka, maana fundi halisi hupima kwa kiganja. Julai ilipokuja na baridi yake, donge likawa linachelewa kuumuka, tukaongeza mstari wa maji ya uvuguvugu. Kuna mambo kadi haiyawezi: kubonyeza donge kwa kidole na kujua limekuwa tayari, hilo huwezi kuliandika, lazima mtu asimame pembeni akuonyeshe. Hili mkufunzi hakulisema, na sidhani amewahi kushika unga.

Kisha kuna hadithi aliyoikata katikati. Fainali ya Januari 2018, Alabama wako nyuma 13 kwa 0 mapumzikoni dhidi ya Georgia. Saban akamtoa Jalen Hurts, kijana aliyewafikisha hapo, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa ziada. "Kiongozi hana huruma!" akatangaza, akabonyeza picha inayofuata. Nikanyoosha mkono: na yule aliyetolewa? Akasema, "Madam, tutarudi hapo." Hatukurudi. Nyumbani mwanangu akanitafutia kwa simu. Hurts hakuondoka, msimu uliofuata akawa mchezaji wa akiba. Desemba 2018, uwanja uleule, wapinzani walewale, Tua akaumia, Hurts akaingia akawashindia 35 kwa 28.

Jamani, hilo ndilo somo, na limeachwa mezani! Nilikuwa na kijana niliyemtoa kwenye oveni kwa kuunguza trei nikampeleka kupakia, na kwa wiki nzima sikuwa nimemsemesha. Kesho yake nilimpelekea chai, tukaongea. Siku hizi zamu ya Jumapili ni yake.

Dosari kubwa zaidi ni pesa. Saban miaka yake ya mwisho alilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Wachezaji, hadi Julai 2021, walipata ada ya masomo, malazi na chakula, lakini walikatazwa hata kuuza jina au picha yao wenyewe. Dada mwenye saluni Kasarani aliyekaa kando yangu alilisema kwa sauti, mkufunzi akajibu tusiingie siasa. Siasa gani? Watu wangu wana kodi ya nyumba tarehe 5. Ukinifundisha nidhamu ya timu bila kuniambia timu hiyo ililipwaje, umenipa mkate usiotiwa chumvi.

Na kwa nini twende mpaka Alabama? Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta na Leos wa Strathmore wote hucheza raga na wanafunzi wanaohitimu na kuondoka, tena bila viwanja vya watu laki moja. Kocha wao mmoja angefika Westlands kwa nauli ya matatu.

Kijitabu walichotupa ni kinene, ila nusu yake ni picha za simba na tai. Pilau ilikuwa safi, nyama haikufichwa. Chai ya saa nne ilikuja na mandazi, na mwenye kiwanda hadanganywi: yale yalikaangwa jana yakapashwa moto asubuhi.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mwenye watu watatu asisumbuke. Mwenye kumi na kuendelea, anayepoteza mafundi kila Krismasi, aende, lakini akae mbele na aulize. Mimi wakirudia nitamtuma msimamizi wangu wa zamu ya usiku. Nitamfungia na mikate miwili ya kwetu, ya chai ya saa nne.