TAHADHARI: Matairi "mapya" yanayotikisa gari ukifika 90

Ndugu madereva, hasa nyinyi wa Prado, Hilux na Pajero mnaonunua matairi ya matope hapa Kampala: mimi nimeshaliwa, na mchezo wenyewe unachezwa hivi.

Nilinunua manne, saizi 265/65R17, kwa shilingi 2,600,000. Bei ilikuwa chini, na tamaa ikanizuia kuuliza kwa nini. Mpira unang'aa, vinywele vyake vyote vipo. Mjini gari lilitulia. Kwenye foleni ya Bwaise nani atagundua kitu? Nilipopita Luweero barabara ikanyooka, mshale ukagusa 85, usukani ukaanza kutetemeka kama mwenye homa. Kwenye 90 kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Nikifika 110 mtetemo unapungua, nikishuka unarudi.

Nikarudi dukani, na hapo ndipo nilipoliwa mara ya pili. Muuzaji hakubisha. "Pole ssebo," akamwita fundi wake. Fundi akabalansi upya, mashine ikasoma sifuri, akatikisa kichwa: beringi za mbele zimekwisha. Nikazinunua palepale, 340,000. Mtetemo haukuhama. Niliporudi tena akasema ni propela, ile shafti ndefu ya uvunguni.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa huku kwetu Bombo, na hakuniuzia hata nati. Alibadilishana magurudumu tu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Tukatoka barabarani: usukani kimya, kiti ndicho kinatetema. "Beringi haihami na tairi, mwanangu." Kama ingekuwa diski za breki, alisema, mtetemo ungeusikia ukikanyaga breki, wa propela nao mara nyingi hubadilika ukikanyaga mafuta au ukiachia. Wangu ulifuata kasi peke yake.

Akapiga jeki, akasimamisha matofali, akalaza bisibisi juu yake karibu iguse mpira, akazungusha gurudumu polepole. Nafasi ikapanuka, ikabana, ikapanuka. Rula ya shule ya mjukuu wake ikasema tofauti ni milimita 5. Na kwenye rimu hiyo moja nilihesabu risasi, vile vipande vya kubalansi, za gramu 170! Mashine ya balansi inapima uzito umekaaje. Kama tairi ni duara au si duara, hiyo si kazi yake. Hata yai utalibalansi.

Tukaingia uvunguni na tochi ya simu. Tarehe ya tairi ni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT, na mara nyingi huwa upande mmoja tu. Huo upande waliugeuza ndani. 1114, yaani wiki ya 11, mwaka 2014. Begani, ukipitisha kucha, kuna mshono: tairi kuukuu limevishwa soli mpya. Sina ugomvi na tairi za soli, malori yanatembea nazo kila siku. Niuzie kwa jina lake na bei yake.

Si kila mtetemo ni wizi, lakini. Matope yaliyokauka ndani ya rimu yanatosha kukutikisa, na rimu ambayo tundu lake la kati ni kubwa kuliko habu, kile kitovu inapokaa rimu, pia. Hayo yaangalie kwanza, ni bure.

Pesa sikurudishiwa. "Likishagusa lami si letu." Risiti yangu ya mkono imeandikwa "matairi 4", basi. Wewe dai ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, yenye saizi na jina la tairi, na usome tarehe kabla halijapanda kwenye rimu. UNBS, shirika la viwango, nimewapelekea picha.

Jumanne nilipita pale dukani tena. Hilux iko juu ya jeki, mwenyewe anakunywa soda. Nikamwonyesha pa kuchungulia. Akachutama, akawasha tochi, akakaa kimya kidogo, kisha akamwambia kijana afungue nati zote.