Betri zimeganda ndani ya tochi: zilivyotoka, na tochi ipi nitainunua tena

Sikilizeni kwanza. Naitikisa hivi, karibu kabisa na maiki. Hamsikii kitu, si ndiyo? Tochi ya betri mbili za AA ukiitikisa huwa zinagongagonga mle ndani. Hizi zimenyamaza kwa sababu zimevuja, zikavimba, zikaganda.

Karibuni tena, watazamaji wangu. Tochi hii nimekaa nayo miaka tisa. Mwanga wake naujua, ni mzuri, leo siupimi. Leo napima kitu ambacho sisi wachambuzi huwa hatukigusi: betri zikiharibikia humu ndani, je, zinatoka?

Nasogeza kamera. Tazameni mdomoni mwa bomba, pale betri inapokutana na aluminiamu. Mnauona huu unga mweupe unaometa kama chumvi? Wengi huuita asidi. Kwa betri za alkalini, kama hizi, mambo ni kinyume. Ndani yake mna potasiamu haidroksaidi, kemikali ya jamii ya magadi lakini kali mno. Betri ikiisha nguvu na ikaachwa ndani ya tochi, inazidi kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi inajaa, inasukuma, mwisho kizibo cha plastiki kule upande wa hasi kinaachia na majimaji yanatoka. Yakipata hewa yanavuta kaboni dayoksaidi na kugeuka unga huu. Yakigusa aluminiamu yanaitafuna, na masalia yake yanajaza nafasi yote iliyobaki. Sasa betri ya AA ina kipenyo cha kama milimita 14.5, na bomba hili limeibana kiasi kwamba hata ukucha haupiti. Ndiyo maana imeganda kama imemwagiwa saruji.

Kabla ya kugusa chochote, vaeni glavu na miwani ya kinga. Miwani nasisitiza, jamani. Majimaji haya yakikugusa kidole unahisi utelezi kama wa sabuni, na utelezi huo ni ngozi yako inayoanza kuliwa, kwa hiyo osha mara moja. Yakiingia jichoni, mwaga maji safi yanayotiririka bila kukoma, dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usitie siki jichoni hata kidogo.

Siki ni ya huku. Naiegemeza tochi, mdomo juu, naidondoshea siki nyeupe pembeni ya betri, kidogo kidogo. Ona linavyochemka povu! Hiyo ni siki inaumeng'enya ule unga. Limau nalo linafaa. Lakini soma kwanza maandishi kwenye ganda: kama ni betri za kawaida za zinki na kaboni, majimaji yake yana asidi, na hapo unatumia magadi soda yaliyokorogwa kwenye maji.

Nusu saa. Namwaga, natia nyingine, nusu saa tena. Usiilaze usiku kucha, maana siki nayo hula aluminiamu. Halafu nageuza mdomo chini na kuugongesha kwenye ubao uliotandikwa kitambaa, kwa mapigo madogo madogo. Betri ya kwanza ikatoka kwa shida, karatasi yake imechunika yote, tumbo limefura.

Ya pili ikagoma, na hapa ndipo nina ugomvi na aliyeibuni tochi hii. Kama bomba lingefunguka pande zote mbili, ningeingiza kijiti kinene cha mbao upande wa kichwa nikaisukuma, kazi ingeisha. Hii kichwa kinafunguka, sawa, lakini swichi imepachikwa katikati ya njia. Hupiti. Tundu moja tu la kutokea, na ndilo lililoziba.

Nilichofanya ni kukazia skrubu ya mbao kwenye kitako cha betri, kwa bisibisi ya mkono, polepole, kisha nikaivuta kwa koleo. Ilitoka, ila niseme ukweli: majimaji yalichuruzika kwenye glavu, na bila kinga ningeungua. Fanya hivyo kwa betri iliyokufa ya alkalini au ya zinki tu, na nje penye hewa. Betri ya lithiamu ya kuchaji usiitoboe kamwe, inalipuka moto. Wala usiipashe tochi kwenye jiko ili ilegee, betri iliyozibwa inaweza kupasuka.

Baada ya hapo nilisugua kwa mswaki wa zamani, nikasuuza, nikaiacha siku nzima ikauke. Springi nimeipiga msasa mpaka ikang'aa.

Sasa linganisheni na hii nyingine. Betri zake haziingii moja kwa moja kwenye bomba, zinakaa kwenye kibebeo cha plastiki. Zikivuja, unavuta kibebeo kizima kinatoka nazo, na bomba liko wazi pande zote mbili. Mwanga wake ni hafifu kuliko wa ile, na ni nene kidogo mkononi. Hata hivyo nikinunua tena, nanunua hii. Mkiwa dukani, fungueni mkia, fungueni kichwa, chungulieni: mkiona mwanga upande wa pili, hiyo ina afadhali.

Na betri za kuweka humo? Kwa tochi ya dharura inayokaa kabatini, lithiamu za volti 1.5 zisizochajiwa ni bora, hazivuji kirahisi. Kwa matumizi ya kila siku, zile za kuchaji za nikeli. Alkalini tumia, lakini zitoe ukimaliza, hasa kama swichi ni ya kubonyeza kwa kielektroniki, kwa sababu nyingi za hizo zinanyonya umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa. Msichanganye mpya na kuukuu: dhaifu inaisha mapema, ile yenye nguvu inaendelea kuisukuma, na dhaifu ndiyo inayovuja.

Haya, natia betri mpya kwenye mgonjwa wetu. Nafunga mkia... umekaza kidogo, hesi zimeliwa. Nabonyeza.

Inawaka! Inapepesa nikiigonga, kwa hiyo springi bado haishiki vizuri. Nitaibadilisha, na mkitaka nitawaonyesha namna ya kuichomoa kwenye video ijayo.