TAHADHARI: Anayeuza "vioo vya mbele vya oda" Mtwara na Lindi anawapa watu kioo cha dirishani

Wadau wa gereji, na wote mnaojenga au kubadili bodi za magari huku Kusini, someni hii kabla hamjamtumia hela mtu yeyote anayejitangaza kutengeneza vioo vya mbele kwa oda. Kuna jamaa anachukua kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, anakibandika plastiki juu, anakipiga muhuri wa uongo, halafu anakiuza kama laminetedi, yaani kioo salama cha tabaka mbili zilizoshikana. Mdogo wangu kalizwa Sh 350,000, na si yeye peke yake.

Mdogo wangu yuko hapa Chuno, anajijengea gari la michezo la viti viwili, la wazi, kwa mtindo wa ile Lotus Seven ya Waingereza ya mwaka 1957. Chasi ni ya mabomba ya mraba, kachomelea mwenyewe. Injini na giaboksi ni za Corolla iliyopata ajali. Msicheke, linatembea. Lilibaki suala la kioo cha mbele, na hapo ndipo mtu anayejenga gari lake mwenyewe hubanwa, kwa sababu hakuna duka la spea lenye kioo cha gari ambalo halikutoka kiwandani. Ukisema Vitz unapewa. Ukisema sentimita 104 kwa 36, pembe mbili za juu za duara, wanakutazama tu. Huyu tapeli anawawinda watu wa namna hiyo hasa: wenye bajaji walizozifunga bodi mpya, wenye Kosta waliobadili uso wa mbele, wenye boti.

Anavyofanya ni hivi. Matangazo yake yana picha nzuri: karakana safi, mafundi wamevaa glavu, vioo vimepangwa kwenye stendi. Zitafute picha hizo mtandaoni, utazikuta kwenye kurasa za viwanda vya China. Anakuambia uchonge pateni ya hadibodi na uipige picha futi ikiwa juu yake. Kisha anataka advansi ya asilimia 60, itumwe kwenye namba ya mtu ambaye jina lake halihusiani kabisa na biashara. Ukiuliza, ni "mhasibu wetu". Ukiomba risiti ya EFD, mashine imepelekwa matengenezo. Mzigo ukichelewa, barabara ya Dar imekatika Somanga.

Hilo la Somanga ni ujanja wa mtu anayetujua. Kweli mvua za kimbunga Hidaya mwaka 2024 ziliikata barabara ile, na mtu wa huku akisikia Somanga anatulia, anasubiri. Siku aliyomwambia mdogo wangu hivyo, mabasi ya Dar yalikuwa yanaingia stendi kama kawaida. Na hela iliyobaki unaimalizia kabla hajakutajia basi lililobeba mzigo, kwa hiyo huna nafasi ya kukiona kioo kwanza.

Sasa kioo chenyewe. Kilikuja kimezungukwa na maboksi ya televisheni, kingo zote nne zimefungwa utepe mweusi, na jamaa akapiga simu mwenyewe kusisitiza: msiutoe, unalinda tabaka la ndani. Jirani yetu fundi aluminiamu aliposikia hivyo alicheka. Akauchana utepe kwa wembe, akakisimamisha kioo juani, akatuonyesha ukingo: kijani kitupu, kutoka uso mmoja hadi wa pili, bila mstari wowote katikati. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kiputo cha hewa chini ya plastiki. Akaingiza ukucha pale, plastiki ikabanduka yote mpaka katikati. Kilichobaki mkononi ni kioo cha milimita 5, kile kile anachokikata kila siku kwa madirisha ya watu.

Laminetedi ya kweli ni vioo viwili vyembamba vyenye utando wa plastiki (PVB) katikati, vikashikanishwa kwa joto la nyuzi 140 hivi na shinikizo kubwa. Plastiki iko ndani, haifikiwi na ukucha wa mtu. Ukitazama ukingo unaona mstari wake waziwazi. Ukigonga kwa kidole sauti inakuwa nzito, haivumi. Kikipigwa jiwe kinapata ufa, lakini vipande vinabaki vimeshikwa na ule utando. Tempadi, kioo kilichokomazwa kwa joto ambacho ndicho hutumika sana kwenye milango ya magari, husambaratika vipande vidogo vidogo. Hiki cha jamaa tulikifunika gunia tukakigonga nyundo: vilitoka vipande virefu vyenye ncha, kimoja kinazidi urefu wa kiganja. Kwenye gari la wazi uso wa dereva uko karibu kabisa na kioo, na mnajua malori ya korosho yanavyorusha kokoto kwenye njia ya Newala.

Muhuri ndio ulioniudhi zaidi, maana kautengeneza kwa bidii. Umechorwa kwa asidi, safi: herufi E na 11 ndani ya duara, 43R, kisha alama za Kimarekani, DOT na AS2. Watu wengi wakiona alama za namna hiyo wanaamini. Lakini AS2 si daraja la kioo cha mbele. Kwa mfumo huo wa Marekani kioo cha mbele huandikwa AS1. Hiyo 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari, na 11 ni namba ya nchi iliyoidhinisha, yaani Uingereza. Kwenye laminetedi ya mbele utakuta pia II ya Kirumi, ambayo hapa haipo. Yaani kanakili muhuri wa kioo cha mlango wa gari la mtu.

Mdogo wangu alipompigia kulalamika, jibu lilikuwa kwamba kioo kimebadilishwa njiani, amdai mwenye basi. Kesho yake akageuka: atume Sh 120,000 za "kuongeza tabaka la pili". Tabaka la pili! Hakutumiwa, akatublock. Kuna dada mmoja wa Lindi na fundi mmoja wa Masasi waliotusimulia mchezo huo huo, hadi kauli ya mhasibu. Wa Masasi yeye aliahidiwa kioo cha kupinda kwa siku mbili. Jamani, kupinda kioo kunataka umbo la chuma la kukilaza na tanuru la zaidi ya nyuzi 600, na laminetedi inataka vioo viwili vipindwe sawasawa. Hakuna anayefanya hiyo kazi kwa siku mbili kwa bei ya radio.

Mwenye gari la kujenga, kama bado una nafasi kwenye ramani yako, panga kioo bapa. Kinapatikana bila kubahatisha. Fundi vioo anayejua kazi ananunua shiti ya laminetedi ya milimita 6.38, yaani 3 na 3 na utando wa 0.38, anaichora pande zote mbili, anaivunja mstari, halafu anaukata utando kwa spiriti na wembe. Unakuwepo, unaona. Shiti hiyo ni ya majengo, haina muhuri wa magari, na fundi mkweli atakuambia hivyo mwenyewe. Ukitaka chenye muhuri halali, tafuta kioo bapa cha mbele cha lori kuukuu, cha laminetedi na kisicho na ufa, kikatwe kwa namna ya kuibakiza sehemu yenye muhuri. Tempadi haikatwi, ukijaribu kuikata kwa almasi inasambaratika. Na kukifunga, tumia mpira wa kioo au gundi ya magari. Silikoni ya bafuni, ile yenye harufu ya siki, inaharibu utando kuanzia kingoni.

Jina na namba za jamaa siviweki hapa kwa sababu anavibadilisha, na tunachokijua tumeshakiandikisha polisi Mtwara, RB (namba ya taarifa ya polisi) tunayo. Namba alizotumia tumezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Waliolizwa nao wafungue RB zao, wakiwa na meseji za muamala, picha za tangazo na kioo chenyewe. Msikitupe hata kama kimevunjika, muhuri ule ni ushahidi. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, hela zitakuwepo mikononi, na tangazo lake limeshaanza kuonekana tena kwa jina jipya, safari hii na bajaji kwenye picha ya mbele.

Kama umeshamtumia advansi leo, usipoteze muda kubishana naye. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe kabla hajaitoa kwa wakala.