Krismasi Ujerumani: Hosteli na Wenzako au kwa Familia ya Wenyeji?

Mwanafunzi kutoka kwetu anayebaki Ujerumani likizo ya Desemba huwa na njia mbili: kupika na wenzake hosteli, au kuitikia mwaliko wa familia ya Kijerumani.

Hosteli kuna pilau. Wa Moshi analeta bizari nyembamba aliyofungiwa na mama yake, wa Mombasa anasimamia sufuria, Mhindi na Mkolombia wanaongeza vyao, na jiko la ghorofa nzima linanukia kama nyumbani. Mnaimba, mnapiga simu kwa zamu. Nyumbani wako mbele kwa saa 2, kwa hiyo wahini kabla wazee hawajalala. Ila nunueni mahitaji mapema: tarehe 24 maduka mengi hufungwa mchana, na tarehe 25 na 26 ni sikukuu. Mchele ukiisha, umeisha.

Kwa wenyeji, kilele ni jioni ya tarehe 24. Zawadi hufunguliwa usiku huo, na chakula mara nyingi ni saladi ya viazi na soseji tu. Bata bukini huja kesho yake. Kuna utulivu mzuri, lakini aliyezoea nyumba iliyojaa binamu huuhisi kifuani.

Mwaka wa kwanza, chagua hosteli. Giza likishaingia saa kumi na nusu jioni, unahitaji watu wanaoujua wimbo unaouimba. Mwaliko wa familia uupokee mwaka wa pili, Kijerumani kikishakukaa mdomoni.